Nina VVU na ninakaribia kujifungua: nimnyonyeshe mtoto au nimpe maziwa ya kopo?

SWALI: Mtaalamu, nina ujauzito wa miezi minane, na ni mimba yangu ya kwanza tangu nijue kuwa nina VVU. Huu ni mwaka wa tatu natumia ARV, kile kidonge kimoja kwa siku, na kipimo cha mwisho kilionyesha virusi havionekani. Kliniki wameniambia nitanyonyesha. Dada yangu anayeishi Ulaya anasema nisithubutu, eti huko mama mwenye VVU haruhusiwi. Mama mkwe atakuja kukaa nasi baada ya kujifungua. Hajui hali yangu, na najua atataka kumpa mtoto maji. Halafu narudi kazini mtoto akiwa na miezi mitatu. Nimsikilize nani? Na nitajuaje kama mtoto yuko salama?

JIBU: Mama, nyonyesha. Kwa hali uliyoieleza, hilo ndilo ningekushauri, na hapa chini nitakueleza sababu, masharti yake, na ni wakati gani ningebadili kauli. Kliniki yako iko sahihi. Dada yako naye hakutunga: anarudia maelekezo yaliyotolewa huko aliko kwa miaka mingi, ila siku hizi yamelegezwa.

Tuanze na ukubwa wa hatari yenyewe. Ukichukua watoto 100 wa akina mama wenye VVU wasiotumia dawa yoyote, kati ya 15 na 45 huambukizwa, ukijumlisha ujauzito, uchungu na kunyonya. Kunyonya peke yake huchangia kama watoto 5 hadi 20. Kwa hiyo hata enzi zile ambapo dawa hazikuwapo, watoto wengi walionyonya hawakuambukizwa. Sasa ongeza dawa. Katika utafiti mkubwa ulioitwa PROMISE, uliofanyika katika nchi kadhaa za Afrika na India, ama mama alitumia ARV ama mtoto alipewa nevirapini, moja ya dawa za ARV, kila siku wakati wote wa kunyonya. Kufikia umri wa mwaka mmoja, watoto walioambukizwa kwa kunyonya hawakufika hata mmoja katika kila 100.

Bila shaka umesikia kwamba mtu ambaye virusi vyake havionekani hamwambukizi mwenzi wake kwa ngono. Ni kweli, na kwenye ngono hatari hiyo ni sifuri. Kwenye maziwa sitakuambia sifuri. Maziwa ya mama yana seli hai za kinga, na baadhi ya seli hizo hubeba VVU vilivyolala ndani yake. ARV huzuia virusi visizaliane, hivyo virusi vinavyoelea kwenye maziwa hupungua mno, lakini seli zile hubaki. Na mtoto hunyonya mara nyingi kwa siku, kwa miezi mingi. Ndiyo maana tunasema hatari ni chini ya mmoja kwa 100, na tunaishia hapo. Anayekuambia hakuna hatari kabisa anakurahisishia mambo; anayekuambia utamuua mwanao anakutisha bure.

Kwa nini basi huko kwa dada yako walikataza? Mwaka 1985 mamlaka ya afya ya Marekani ilishauri akina mama wenye VVU wasinyonyeshe, na nchi nyingine tajiri zikawa na msimamo huo huo. ARV hazikuwapo, maji ya bomba yalikuwa salama, na maziwa ya kopo yalipatikana bila shida. Kwa mazingira yale uamuzi ulikuwa wa maana. Kwingineko hesabu ilikataa kutoka. Jijini Nairobi, utafiti ulioongozwa na Ruth Nduati na kuchapishwa mwaka 2000 uliwagawa akina mama kwa kura: kundi moja linyonyeshe, jingine litumie maziwa ya kopo. Kufikia miaka miwili, walioambukizwa walikuwa karibu 37 kwa 100 katika kundi la kunyonya na karibu 21 kwa 100 katika kundi la kopo. Kopo lilipunguza maambukizi, hilo halina ubishi. Lakini vifo vya watoto katika makundi yale mawili vilikaribiana. Kisha utafiti ulioitwa Mashi, uliofanyika Botswana na kuchapishwa mwaka 2006, ukaonyesha jambo zito zaidi: kufikia umri wa miezi saba, watoto wa kopo waliokufa walikuwa karibu 9 kwa 100, na waliokuwa wakinyonya huku wakipewa dawa ni karibu 5 kwa 100. Mwanzoni mwa mwaka huo huo wa 2006 mvua kubwa zilinyesha Botswana, ukalipuka ugonjwa wa kuhara, na watoto wasionyonya ndio walioumia zaidi.

Nimekaa kidogo kwenye historia hii kwa sababu ndiyo inayoeleza kwa nini ushauri ulikuwa ukibadilika hadi akina mama wakachoka kutusikiliza. Tulikuwa tukihesabu maambukizi peke yake. Ilichukua muda kukubali kwamba swali sahihi ni: mtoto yupi atafika miaka miwili akiwa hai na hana VVU? Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani lilitambua rasmi kwamba dawa zinaweza kulinda kipindi cha kunyonyesha. Mwaka 2016 likaongeza: mama mwenye VVU anyonyeshe angalau miezi 12, na anaweza kuendelea hadi miezi 24 au zaidi, mradi atumie ARV ipasavyo. Hata huko kwa wenzetu mambo yamelegea. Tangu 2018 mwongozo wa chama cha wataalamu wa VVU wa Uingereza bado unapendekeza kopo, lakini unasema mama ambaye virusi vyake vimedhibitiwa akichagua kunyonyesha, asaidiwe na afuatiliwe kwa karibu. Marekani iliingia njia hiyo mwaka 2023. Mwambie dada yako aulize upya huko huko aliko.

Sasa masharti. La kwanza ni dawa yako, na kwa maoni yangu ni kubwa kuliko mengine yote niliyoandika hapa. Hujasema kile kipimo cha wingi wa virusi kilifanyika lini. Kama imepita miezi mitatu au zaidi, omba kingine sasa, kabla hujajifungua. Mwezi wa nane ndio wakati wake hasa. Baada ya kujifungua upimwe tena mtoto akifika miezi mitatu, kisha kila miezi sita hadi utakapoacha kunyonyesha. Akina mama wengi hutumia dawa vizuri sana wakiwa wajawazito, halafu huteleza baada ya kujifungua. Usingizi haupo, ratiba imevurugika, wageni wamejaa, na kopo la dawa limefichwa mahali ambapo huwezi kulifikia mbele ya watu. Wewe mwenyewe umesema mama mkwe anakuja na hajui. Kabla hajafika, amua kidonge kitakaa wapi na utakimeza saa ngapi. Wengine hutoa vidonge kwenye kopo lake wakaweka vya siku chache kwenye kichupa kidogo kikavu chenye kifuniko kinachobana, wengine huchagua saa wanayokuwa peke yao bafuni. Mume wako, ikiwa anajua, mpe kazi moja tu: akukumbushe. Ukisahau, meza mara unapokumbuka, usisubiri kesho.

Kuna jambo dogo ambalo halisemwi vya kutosha. Kidonge kimoja kwa siku unachokitaja huenda ni TLD, na ndani yake mna dolutegraviri. Dawa hii hushikana na madini tumboni, na ikishikana nayo haiingii mwilini vizuri. Wajawazito na wanaonyonyesha hupewa vidonge vya kuongeza damu, vyenye madini ya chuma, na wakati mwingine kalsiamu. Ukivimeza pamoja na TLD, meza vyote na chakula. Ukiwa na tumbo tupu, TLD itangulie kwa saa mbili au ifuate saa sita baadaye. Dawa za kiungulia zenye magnesi au alumini, hizo tenganisha hata kama umekula. Nimeona mama anameza kila siku bila kukosa na bado virusi vinapanda, kumbe anameza vidonge vyote kwa funda moja la maji asubuhi kabla ya kula.

Ukiniuliza ni lini ningebadili kauli, ni hapa. Kipimo kikirudi na virusi vingi, hasa zaidi ya 1,000 kwa kila mililita ya damu, au ukikatiza dawa kwa siku kadhaa kwa sababu yoyote ile, rudi kliniki siku hiyo hiyo, usingoje tarehe yako. Mtoto anaweza kuongezewa dawa za kinga, dawa zako zikaangaliwa upya, na suala la maziwa mkalizungumza tena. Usiache kunyonyesha ghafla kwa uamuzi wa usiku mmoja.

Tuje kwa mama mkwe na maji. Mwaka 1999 watafiti wa Durban, Afrika Kusini, walionyesha jambo lililowashangaza wengi: watoto walionyonya maziwa ya mama peke yake waliambukizwa kidogo kuliko wale waliochanganyiwa maziwa ya mama na vitu vingine. Maelezo yanayokubalika ni kwamba utumbo wa mtoto mchanga ni laini. Maji, uji na maziwa mengine huleta vijidudu na michubuko midogo kwenye ngozi ya ndani ya utumbo, na virusi hupata pa kupenyea. Kwa hiyo miezi sita ya kwanza mpe maziwa yako tu, hata maji usimpe. Dawa alizoandikiwa, matone ya vitamini na maji ya chumvichumvi ya kutibu kuhara vinaruhusiwa. Wakati wa joto anyonye mara nyingi zaidi. Maziwa yako yana maji ya kumtosha.

Ila nisikuache na hofu nyingine. Utafiti ule ulifanyika kabla ya ARV kuenea. Leo, mama akiwa kwenye dawa, Shirika la Afya Duniani linasema wazi kwamba kuchanganya si sababu ya kuacha kunyonyesha. Ukirudi kutoka bafuni ukakuta bibi kamnywesha mjukuu vijiko viwili vya maji, usimwachishe ziwa. Mweleze, endelea kunyonyesha, endelea na dawa.

Na utamweleza vipi bila kujifichua? Hapa uko vizuri kuliko unavyodhani. Maziwa ya mama pekee kwa miezi sita ni ushauri anaopewa kila mama duniani, mwenye VVU na asiye nao. Sentensi kama "Mama, kliniki wamekataza hata maji mpaka afike miezi sita, na watampima uzito" haisemi chochote kuhusu damu yako. Kama unaweza, nenda naye kliniki siku moja wakati wa somo la pamoja, ayasikie kwa muuguzi badala ya kwako. Kwa kweli, katika nyumba nyingi kopo la maziwa ndilo linaloanzisha maswali.

Kurudi kazini kwenye miezi mitatu kunahitaji maandalizi, na uanze kama wiki mbili kabla. Jifunze kukamua kwa mkono. Osha mikono kwa sabuni, weka dole gumba juu na vidole vingine chini ya ile sehemu nyeusi ya titi, sukuma kuelekea kifuani kisha bana, achia, rudia ukizunguka titi zima. Chuchu yenyewe usiivute. Siku za kwanza utapata kidogo, ni kawaida. Maziwa uliyoyakamua hukaa saa nne mahali pasipo na joto kali, na hadi siku nne kwenye friji. Anayebaki na mtoto amnyweshe kwa kikombe kidogo kisafi; chupa za chuchu ni ngumu kusafisha. Asubuhi kabla ya kutoka, jioni na usiku, anyonye mwenyewe. Kama kazi yako haina hata pa kukamulia na ukalazimika kutumia maziwa ya kopo mchana, si vizuri kama maziwa yako pekee, lakini ni bora kuliko kuacha kabisa, mradi dawa haikatiki.

Matiti yenyewe yaangalie. Chuchu zilizopasuka na titi lililovimba, jekundu, lenye maumivu na homa huongeza virusi kwenye maziwa. Mara nyingi chanzo ni mtoto kushika chuchu tupu badala ya kujaza mdomo. Mwombe mkunga akutazame unavyompakata kabla hujatoka wodini. Likitokea, mnyonyeshe titi zima lisilo na tatizo, lile jingine likamue na umwage mpaka lipone, na upate matibabu haraka. Usiliache limejaa, litatengeneza jipu. Ukilazimika kutumia maziwa ya titi hilo, au ukiishiwa dawa kwa muda, kuna njia ya kuyapasha moto. Weka maziwa kwenye chombo cha kioo kisichopasuka kwa moto, kisimamishe ndani ya sufuria ya maji, weka motoni, na maji yakianza tu kuchemka kwa nguvu ondoa chombo mara moja, kipoe. Joto hilo huua virusi. Ni msaada wa siku chache tu. Chungulia pia mdomo wa mtoto: utando mweupe usiofutika au vidonda vitibiwe mapema, kwa sababu navyo ni mlango.

Kopo nalo nisilipite, kwa sababu uamuzi ni wako na sitaki mama yeyote aliyechagua kopo asome hapa akajiona mkosaji. Maziwa ya kopo huondoa kabisa hatari ya VVU kupitia kunyonya. Yanafaa kama unaweza kuyapata bila kukatika, kwa miezi sita ya kwanza yakiwa chakula pekee cha mtoto, kama maji safi na moto vipo usiku na mchana, na kama watu wa nyumbani wanakuunga mkono. Unga wa kopo wenyewe si tasa, hivyo uchanganywe na maji yaliyochemka na ambayo bado ni ya moto, yasiyozidi nusu saa tangu yaepuliwe, kwa kipimo kilichoandikwa, kisha yapozwe mpaka vuguvugu. Yakibaki baada ya saa mbili, mwaga. Kuzimua ili kopo lifike mwisho wa mwezi ni njia ya kimya kimya ya kumdhoofisha mtoto. Na maziwa ya mnyama, hata yakichemshwa na kuongezwa maji na sukari, hayafai kuwa chakula chake kabla ya miezi sita.

Swali lako la mwisho: utajuaje yuko salama? Atakapozaliwa ataanza dawa ya kinga, kwa kawaida nevirapini ya maji kila siku kwa wiki sita kwa mtoto wa mama aliyedhibiti virusi kama wewe. Walio kwenye hatari kubwa hupewa dawa zaidi na kwa muda mrefu zaidi. Kuna nchi zenye ratiba tofauti kidogo, fuata ya kliniki yako. Mpe saa ile ile unayomeza yako, kwa bomba dogo lisilo na sindano, ukidondosha pembeni ya shavu kwa ndani. Kuanzia wiki ya nne hadi ya sita ataongezewa septrini, dawa ya kumkinga na maambukizi mengine, na ataendelea nayo mpaka ithibitike kwamba hana VVU.

Vipimo vyake ni tofauti na vyako. Kipimo cha kawaida cha haraka hutafuta kingamwili, yaani askari ambao mwili hutengeneza dhidi ya virusi, na mtoto huzaliwa akiwa na za kwako, zilizopita kwenye kondo. Zinaweza kubaki hadi miezi 18. Kwa hiyo mtu akimpima kwa kipimo hicho akiwa na miezi mitatu kikasema ana virusi, kinaweza kuwa kinasoma damu yako. Kinachotakiwa ni kipimo kinachotafuta kirusi chenyewe, kile cha matone ya damu ya kisigino kwenye karatasi maalumu: baadhi ya sehemu hukifanya anapozaliwa, kisha wiki ya nne hadi ya sita, kisha miezi tisa. Usiache kufuata jibu. Ikitokea ameambukizwa, anaanza ARV mara moja bila kungoja augue, na anaendelea kunyonya kama mtoto mwingine yeyote. Maziwa yako hapo yanamsaidia.

Jibu la wiki ya sita likiwa zuri, furahi, lakini bado ananyonya, kwa hiyo si jibu la mwisho. Akifika miezi sita mwanzishie vyakula laini huku ukiendelea kumnyonyesha. Siku utakapotaka kumwachisha, baada ya mwaka, mwachishe taratibu kwa muda wa mwezi hivi, ukipunguza mara za kunyonya moja baada ya nyingine, maana kukata ghafla hujaza matiti na kumsumbua mtoto. Andika tarehe aliyonyonya mara ya mwisho. Hesabu miezi mitatu kuanzia hapo; kama atakuwa ametimiza miezi 18, mpeleke akapimwe, na kama bado, subiri aitimize. Jibu la siku hiyo ndilo litakalofunga faili lake.